Mwongozo Kamili wa Kuunda Vespa Moja kwa Vipuri vya Vespa Zilizokufa

Unguja haina uhaba wa Vespa zilizokufa. Zimeegemezwa nyuma ya nyumba za Ng'ambo, zimelala chini ya miembe ya Bububu na Dole, na nyingine zimekwishafika kwa wanunuzi wa vyuma chakavu zikisubiri kukatwa. Hazikufa zote kwa maradhi mamoja. Hii imekwama pistoni kwa kuendeshwa na petroli tupu isiyo na oili, ile imeliwa sakafu na chumvi ingawa injini yake ingali nzima, na ya tatu haina kasoro kubwa ila mwenyewe alifariki na warithi hawajaafikiana nani aichukue. Kwa sababu hiyo mtu mwenye subira anaweza kuchukua bodi ya moja, injini ya nyingine na uma wa mbele wa ya tatu, akapata chombo kimoja kinachotembea kwa salama.

Maelezo yanayofuata ni kwa mtu anayejua kushika spana, mwenye ua au ukumbi wenye kivuli, na mwenye fundi wa kuchomea anayemwamini. Nimejifunga na Vespa za mfululizo wa PX za cc 125 na 150, ambazo Piaggio ya Italia ilianza kuzitoa mwaka 1977, kwa kuwa vipuri vyake vingali vikitengenezwa na kuuzwa, na kwa kuwa muundo wake hauhitaji kompyuta wala kifaa cha ajabu.

Anza na bodi, si injini

Wengi huanza na injini, kwa kuwa ndiyo inayopiga kelele na ndiyo inayomfurahisha mtu inapowaka. Nashauri kinyume chake. Injini ya Vespa hata ikiwa mbovu kiasi gani hufunguliwa juu ya meza na kila kilichokwisha ndani yake kikabadilishwa, lakini bodi iliyooza humla mwenye nayo fedha mwaka mzima na mwisho wake bado haiaminiki. Pikipiki ina fremu ya mabomba, na mabati yake ni pambo tu. Vespa haina fremu hiyo. Mabati yake yaliyokandamizwa na kuchomewa pamoja ndiyo yanayobeba injini, uma, dereva na abiria. Sakafu ikioza, kilichooza ni uti wa mgongo.

Unapokwenda kutazama bodi, chukua bisibisi bapa, tochi na brashi ya waya. Mwaga petroli iliyobaki, kisha ilaze Vespa ubavuni juu ya tairi kuukuu na upitishe mpini wa bisibisi chini yake ukigonga taratibu. Bati zima hulia sauti kavu yenye mlio. Bati lililooza ndani hutoa sauti nzito iliyokufa, na mara nyingi unga wa kutu humwagika. Pagonge hasa pale sakafu inapokutana na kifua, pembezoni mwa kanyagio la breki, na kwenye mbavu za chini zinazokaza sakafu, kwa maana maji na mchanga hujificha humo. Kisha angalia mahali bolti ndefu ya injini inapopita kwenye bodi. Sakafu iliyotoboka inatengenezeka. Bodi iliyooza mahali hapo pa injini, au iliyopinda shingo kwa ajali, iache ilipo hata ukipewa bure.

Rangi nzuri isikudanganye. Vespa iliyokaa Paje au Nungwi karibu na ufuo inaweza kung'aa juu na kuwa wavu chini, ilhali iliyosahauliwa ndani ya stoo ya Mwera ikawa chafu ya kuchukiza na bati lake zima kabisa. Mimi ningechukua ile chafu.

Namba, karatasi na sheha

Ondoa kifuniko cha ubavu wa kulia, usugue uchafu, utaona namba ya bodi imegongwa kwenye bati. Katika PX za mwanzo, bodi ya PX 150 huanza na VLX1T na injini yake VLX1M. Ya PX 125 huanza na VNX1T na injini yake VNX1M. Herufi T ni ya bodi na M ni ya injini, na ya injini hugongwa kwenye mkono wa injini karibu na mahali pa kufungia shokapu ya nyuma. Bodi isiyo na namba, au ambayo namba yake inaonekana kusagwa na kugongwa upya kwa herufi zisizokaa sawa, usiiguse, kwa kuwa hutaweza kuisajili na huenda ikawa ni ya mtu anayeitafuta hadi leo.

Vespa nyingi za namna hii ziko kwa wazee, na haendi mtu kwa mzee wa watu akaanza na bei. Amkia, kaa, uliza habari za chombo, sikiliza kilivyomchukua kutoka skuli hadi harusini. Bei itakuja yenyewe, na mara nyingi huja pamoja na kadi ya usajili iliyokuwa chini ya godoro. Mkikubaliana, andikeni karatasi ya mauziano yenye namba ya bodi na ya injini, mkaiwekee saini mbele ya sheha (kiongozi wa serikali katika mtaa) wa shehia ya muuzaji. Ikiwa ni mali ya urithi, warithi wote wawepo au watoe idhini yao kwa maandishi. Fanya hivyo hata kwa injini uliyonunua peke yake kwa muuza vyuma chakavu.

Kabla hujatumia shilingi moja katika matengenezo, peleka namba hizo ofisi ya usajili wa vyombo vya moto uulize mambo mawili: kama bodi ina deni au kizuizi, na namna ya kuandikisha injini ambayo namba yake si ile iliyo kwenye kadi. Kuuliza mwanzo ni nafuu kuliko kugundua mwisho kwamba umeunda chombo cha kuangaliwa uani.

Ukoo mmoja wa vipuri

Vespa zinazoonekana visiwani hazikutoka kiwanda kimoja. Ziko za Piaggio zenyewe, ziko LML za India zilizotengenezwa kwa kufuata muundo wa PX, na ziko Bajaj Chetak, ambazo asili yake ni Vespa za kabla ya PX. LML na PX huazimana vitu vingi, kuanzia magurudumu hadi klachi, ingawa baadhi ya LML za baadaye zina injini inayovuta hewa kwa njia tofauti, na kwa hiyo silinda na kabureta vyake havihamishiki ovyo. Chetak ni ndugu wa mbali. Muuzaji atakwambia "zote Vespa tu, bwana," naye hasemi uongo, ila bolti hazitaingia. Hakikisha bodi, injini, usukani na nyaya za umeme vimetoka katika ukoo mmoja, na chochote kingine kipime kwa kukiweka sambamba na cha zamani kabla hujalipa.

Vitu vya kutafuta vikiwa vimetumika ni vile vya chuma kinene visivyochakaa haraka: bodi, uma, rimu, magamba ya injini, magneti (gurudumu lenye sumaku linalozalisha umeme), tangi, vifuniko. Vitu vya kununua vipya bila mjadala ni oili sili (mipira ya kuzuia oili isivuje), beringi, gasketi, ringi za pistoni, viatu vya breki, nyaya zote za breki, klachi na gia, bomba la petroli, tairi na mipira ya ndani. Orodha hii ya pili ndiyo inayogharimu, na ndiyo ambayo watu hupenda kuikata. Rahisi ghali.

Kufungua

Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu, hasa njia za nyaya ndani ya kichwa cha usukani. Kila kundi la nati na bolti litie katika mfuko wake ulioandikwa. Nati zilizoshika kutu zimiminie mchanganyiko wa oili nyepesi na mafuta ya taa, uziache zilale usiku.

Injini ya Vespa imefungwa kwa mambo machache mno. Fungua bomba la petroli, waya wa klachi, nyaya mbili za gia, waya wa breki ya nyuma, waya wa mafuta (wa kuongeza mwendo) na wa choki, pamoja na nyaya za umeme kwenye kisanduku kidogo kilicho juu ya injini. Kisha fungua bolti ya chini ya shokapu na ile bolti ndefu inayopita kwenye bodi, na injini itashuka. Taabu kwetu huwa ni hiyo bolti ndefu. Chumvi huiunganisha na mikebe ya chuma iliyo ndani ya mipira ya injini hata ikawa kitu kimoja. Usiipige ukiwa umeitoa nati, kwa kuwa utaharibu meno yake. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya bolti, weka kipande cha shaba au mti mgumu, ndipo ugonge. Ikikataa baada ya siku kadhaa za oili, ikate kwa wembe wa msumeno wa chuma katika upenyo ulio baina ya injini na bodi, kila upande. Bolti mpya na mipira mipya ni bei ndogo ukilinganisha na bodi iliyopindwa kwa nyundo.

Sakafu

Hapa ndipo kazi nzima inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo pasiharakishwe.

Ondoa tangi na ulipeleke mbali na pahala pa kuchomea. Mvuke wa petroli uliobaki ndani ya tangi lililo tupu ni wa hatari zaidi kuliko petroli yenyewe, na hakuna fundi, hata awe mzoefu vipi, anayepaswa kuruhusiwa kuchomea bodi yenye tangi ndani yake "kidogo tu." Toa pia nyaya za umeme na mipira.

Kabla ya kukata hata kipande kimoja cha sakafu, chomea vyuma vya pembe viwili kutoka kifuani hadi chini ya kiti, kimoja kila upande, ili kifua na sehemu ya nyuma visisogeleane. Bodi ikikatwa sakafu bila kushikiliwa hulegea milimita chache tu, na milimita hizo hutosha kuifanya Vespa iende upande maisha yake yote. Pima umbali wa kutoka juu ya kifua hadi ncha ya mbele ya kiti, uandike ukutani, na uupime tena kila baada ya kuchomea.

Kata kutu yote mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, hata kama shimo litakuwa kubwa kuliko ulivyotarajia. Kiraka kilichochomewa juu ya bati bovu hudumu masika moja. Tumia bati la unene wa milimita 1.2 au zaidi kidogo. Mashine ya gesi au ya waya ndiyo bora. Ikiwa iliyopo ni ya vijiti, fundi atumie vijiti vyembamba vya milimita 2 na moto mdogo, achomee kwa madoa yanayopishana, doa moja kushoto na jingine kulia, akiacha bati lipoe, kwa maana akivuta mstari mrefu kwa mkupuo mmoja bati litajikunja. Mbavu za chini zirudishwe zote. Kuna mafundi wanaoziacha kwa hoja kwamba bati jipya ni nene. Mbavu hizo ndizo zinazoizuia sakafu isijipinde, na unene wa bati hauwezi kuchukua nafasi yake.

Usikubali puti wala gundi ya nyuzi kuziba shimo la sakafu. Puti ni ya kusawazisha uso wa kifua kabla ya rangi, basi.

Ukimaliza, funga uma, injini na magurudumu kwa muda, uisimamishe Vespa wima, kisha uvute uzi kutoka ubavu wa tairi la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto. Usukani ukiwa umenyooka, uzi uguse matairi yote mawili kwa namna moja pande zote mbili. Tofauti ikionekana sasa, shida ni ya bodi au ya uma, na ni afadhali uijue kabla ya rangi.

Rangi ipigwe wakati wa kaskazi au kusi kukiwa kukavu, si katika masika, kwa sababu unyevu unaojifungia chini ya rangi huanza kuinua malengelenge kabla ya mwaka. Sugua kwa brashi ya waya na msasa, futa vumbi la chumvi kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha pwani, acha bati likauke juani, na uanze rangi ya kinga ya kutu siku hiyo hiyo. Chini ya sakafu ongeza safu nene ya lami ya kupakia magari. Ndani ya mgongo wa katikati, ambamo brashi haifiki, mimina oili ya gia iliyoyeyushwa na grisi, uigeuzegeuze bodi mpaka ienee. Matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini yabaki wazi. Fundi wa rangi hupenda kuyaziba akidhani anakusaidia.

Magurudumu, uma na breki

Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati, na upepo wa tairi unavisukuma visikae pamoja. Toa upepo wote kabla ya kufungua nati yoyote ya rimu. Toa na kokwa ya valvu kabisa, usikilize mpaka kimya. Rimu iliyofunguliwa ikiwa na upepo huruka kwa nguvu ya kuvunja taya. Rimu iliyoliwa na kutu kwenye kingo za kuungania itupe. Tairi ni 3.50-10 mbele na nyuma, na upepo uwe psi 18 mbele na psi 26 nyuma ukiwa peke yako, au psi 36 nyuma ukiwa na abiria.

Uma wa mbele ukaguliwe kwa kuuvuta mbele na nyuma gurudumu likiwa juu. Ukicheza shingoni, beringi za usukani zimekwisha; ukicheza chini, ni pini na beringi za mkono wa gurudumu. Vyote hubadilishwa.

Breki za ngoma hukaa na vumbi jeusi. Viatu vya zamani vilitengenezwa kwa asbesto, kwa hiyo vumbi hilo lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, ulifute kwa tambara, na tambara ulitupe. Funga viatu vipya, paka grisi kidogo tu kwenye kamu, tia nyaya mpya. Nati kubwa ya ngoma ya nyuma ikazwe kwa spana ya kipimo hadi baina ya 90 na 110 Nm, kisha itiwe kofia yake na pini ya kuzuia. Ikilegea, meno ya ekseli na ya ngoma husagana, nawe utajua siku gurudumu litakapokataa kuzunguka wakati injini inanguruma.

Nasisitiza kwamba breki zikamilike kabla ya injini kuguswa. Injini ikishawaka hakuna anayekumbuka breki.

Injini

Osha injini kwa mafuta ya taa ikiwa imefungwa, ndipo uifungue. Toa kichwa cha silinda na silinda yenyewe. Shika konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini), uivute juu na chini bila kuizungusha: isiwe na mchezo wowote wa wima. Mchezo mdogo wa ubavuni ni wa kawaida. Ikiwa unasikia "tik" ukiivuta, krenki inahitaji kutengenezwa au kubadilishwa, na injini hiyo bei yake ishuke nusu.

Silinda ya PX 150 ina kipenyo cha milimita 57.8. Ikiwa ina michirizi inayoshika ukucha, ipelekwe kwa fundi wa kerezo ichongwe kwa pistoni ya saizi inayofuata. Saizi hupanda kwa milimita 0.2 kila mara. Mpelekee fundi pistoni mpya mkononi, ili achonge kwa kuipima hiyo, si kwa kukisia. Ringi mpya itie peke yake ndani ya silinda na upime mwanya wa ncha zake: milimita 0.2 hadi 0.35 ni sawa.

Sasa kitu ambacho wanunuzi wa injini kuukuu hawakiangalii. Katika injini hizi za PX hakuna valvu ya kuzuia mchanganyiko wa petroli usirudi kwenye kabureta. Kazi hiyo hufanywa na ukingo wa krenki unaopita karibu mno na uso mdogo uliosuguliwa ndani ya gamba la injini, chini ya kabureta. Toa kabureta, mulika tochi katika tundu, zungusha krenki na upitishe ukucha juu ya uso huo. Ukiwa laini, gamba ni zima. Ukiwa na mfereji uliochimbwa na kipande cha beringi iliyovunjika, injini itawaka kwa taabu, itatema petroli nyuma, na haitatulia polepole hata ubadilishe kabureta mara ngapi. Kusema kweli, ukaguzi huu ufanyike kwa muuzaji, kabla ya kulipa.

Krenki ina oili sili mbili, nazo husababisha nusu ya matatizo ambayo watu huyasingizia kabureta. Ya upande wa klachi ikichoka, injini hunywa oili ya gia: moshi mzito mweupe haukomi, na oili ya gia hupungua bila kumwagika chini. Ya upande wa magneti ikichoka, injini huvuta hewa safi, ikawa inapanda mlio yenyewe na kuchelewa kushuka unapoachia mafuta. Hali hiyo hukausha pistoni na kuikwamisha. Mpira uliokaa miaka kumi bila kazi umekauka hata kama unaonekana mzima, kwa hiyo badilisha zote mbili pamoja na beringi za krenki wakati magamba yako wazi. Uso wa gamba usifunguliwe kwa kutia bisibisi baina. Gonga kwa nyundo ya mti pembezoni.

Ndani ya gia kuna kipande cha chuma chenye mikono minne, mafundi wengine hukiita msalaba, kinachoingia kwenye gia moja baada ya nyingine. Ncha zake zikiwa mviringo badala ya kuwa kali, gia itaruka yenyewe ukivuta, hasa ya pili. Kibadilishe maadamu umefika hapo, kwani kurudi tena ni kufungua injini yote. Bamba za klachi za koki zilowekwe ndani ya oili usiku mzima kabla ya kufungwa. Baada ya kufunga magamba tia mililita 250 za oili ya SAE 30 upande wa gia.

Magneti yatolewe kwa pula yake maalumu, si kwa kugongwa, kwa kuwa hupasuka na sumaku hulegea. Kabla ya kulegeza sahani ya koili iliyo nyuma yake, weka alama kwa patasi inayokata sahani na gamba kwa pamoja. Ukirudisha alama kwenye alama, muda wa cheche unabaki ulivyokuwa. Kile kipande kidogo cha chuma cha nusu mwezi kinachoshika magneti kiwe kizima kabisa. Injini ya zamani yenye platini (vidole vya kukata umeme wa cheche) irekebishwe mwanya wa milimita 0.4, ya umeme wa kisasa haina platini, na inahitaji tu nyaya zake zisiwe zimepasuka ngozi. Plagi iwe na mwanya wa milimita 0.6.

Kabureta ifunguliwe yote, matundu yapulizwe kwa hewa, yasichokolewe kwa waya. Skrubu ya mchanganyiko wa polepole ikazwe taratibu mpaka mwisho, kisha ilegezwe mzunguko mmoja na nusu kwa kuanzia.

Tangi na umeme

Tangi lenye kutu lioshwe kwa siki pamoja na kipande cha cheni ya baiskeli, litikiswe, liachwe usiku, lisuuzwe kwa maji yenye magadi ili asidi iishe, likaushwe juani na kupakwa oili nyepesi ndani mara moja. Likikaa na maji hata nusu siku, kutu huanza upya. Bomba na koki ya petroli viwe vipya.

Umeme wa Vespa ni mdogo, na kosa ni moja tu linalorudiwa: koili za volti 6 kutiwa taa za volti 12, au kinyume chake. Angalia koili zilizo nyuma ya magneti, nyaya na balbu viwe vya volti moja. Taa zikiungua kila zinapowashwa na injini kupanda, kidhibiti cha umeme kimekufa. Panya hupenda kiota ndani ya kichwa cha usukani, kwa hiyo pakague kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kuwasha

Petroli ichanganywe na oili ya injini za mipigo miwili kwa asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Tangi la lita 8 huchukua mililita 160. Pima kwa kikombe chenye alama, si kwa jicho wala kwa kifuniko cha chupa. Baadhi ya PX zina tangi dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe, na dalili yake ni kidirisha kidogo cha kioo chini ya kiti. Katika injini ya kuokota pampu hiyo haina ushahidi wa kuaminiwa, kwa hiyo changanya mwenyewe.

Kabla ya kupiga kiki, jua namna ya kuzima. Ufunguo usipozima kwa sababu ya waya uliokosewa, ingiza gia ya nne, shika breki zote, achia klachi. Mtu mmoja akae tayari kwa kazi hiyo. Fungua koki, vuta choki, piga kiki. Moshi wa mwanzo ni wa oili uliyopaka ndani, nao unapaswa kupungua baada ya dakika chache. Ukiendelea mweupe mzito, rudi kwenye oili sili ya upande wa klachi. Injini ikipanda mlio yenyewe bila kuguswa, izime papo hapo kabla haijajikwamisha.

Kilomita za mwanzo

Jaribu kwanza kwenye uwanja mtupu, ukiwa umevaa kofia ngumu na viatu vya kufunika mguu. Anza na breki: mwendo wa kutembea, shika, sikiliza. Halafu gia, moja baada ya moja. Barabara ya watu isiguswe mpaka chombo kiwe kimekaguliwa, kimeandikishwa na kina bima.

Injini ikipoa baada ya mzunguko wa kwanza, kaza tena nati za kichwa cha silinda kwa kupishana. Kwa kilomita 500 za mwanzo usifungue mafuta yote kwa muda mrefu. Unguja ni tambarare na inakuvutia kufanya hivyo kwenye barabara iliyonyooka, ilhali pistoni mpya inahitaji kupandishwa na kushushwa mwendo. Wa Pemba hana shida hiyo, kwani milima ya baina ya Mkoani na Chake Chake itamlazimisha kubadilisha gia, ila naye asiilazimishe injini kupanda na gia ya juu huku inatetemeka. Baada ya safari ndefu kidogo, zima ghafla, toa plagi uitazame: rangi ya kahawia ni nzuri, nyeusi yenye mafuta ina maana petroli au oili imezidi, na nyeupe ina maana hewa imezidi na pistoni iko hatarini. Oili ya gia ya mwanzo imwagwe kwenye kilomita 1000, na uichuje kwa kitambaa uone kama ina vipande vya chuma.

Ukipita pwani au kwenye madimbwi ya maji ya bahari, suuza chini ya sakafu kwa maji baridi siku hiyo hiyo, uingize mwiba au waya mwembamba katika yale matundu ya kutolea maji uhakikishe hayajazibwa na mchanga.